Mgongo wa Saidi

Mwanahawa alipotibu mgongo, hakusugua wala hakuvuta. Alitafuta kwa ncha ya kidole pale panapouma zaidi, kisha akamkunja mgonjwa taratibu, huku au kule, hadi mwenyewe aseme, "Basi, yametulia." Alimshika vivyo hivyo, kimya, mpaka nyama ilegee chini ya kidole, ndipo akamrudisha polepole. Tangu watu wahamishiwe kijiji kipya karibu na Madimba, mwaka 1974, migongo iliyochoshwa na shamba la kijiji ilipita mikononi mwake.

Ndiyo maana Hamisi, balozi wa nyumba kumi, alimletea Saidi.

"Bibi, huyu anasema hawezi kunyooka. Tuambie ni mgonjwa au ni kupe."

Akamlaza kifudifudi, akapapasa kuanzia shingoni hadi kiunoni. Hakuona kitu. Upande wa mbele mwanamke hampapasi mume wa mtu.

"Mgongo ni mzima," akasema.

Kesho yake Saidi alirudishwa kwenye jembe, na watoto wakampa jina: Kupe.

Wiki ile ile mkewe, Salma, alikuja akilalamikia maumivu yale yale. Mgongoni, hamna. Mwanahawa akamgeuza chali. Kidole kikashuka tumboni, kando ya mfupa wa nyonga. Salma akaruka.

"Hapo hapo, Bibi! Utaniua!"

Akamkunja magoti hadi tumboni, akamshika. Mgongo ukatulia. Salma akacheka kwa nafuu, Mwanahawa hakucheka.

"Twende shambani," akasema.

Mbele ya watu wote alimwambia Hamisi: "Nilikosea. Maumivu ya Saidi yanatoka mbele, nami mbele sikumgusa." Kisha akawapa kisogo mume na mke, akamwelekeza Salma pa kuweka kidole na namna ya kumkunja mumewe. Saidi alilala kwenye tuta la mihogo, magoti kifuani, jasho likimtoka.

"Mrudishe polepole. Na wewe Saidi, usimsaidie."

Saidi akasimama. Wima kabisa.

Shamba zima likaangua kicheko.

"Hata kidonge hakumeza!"

"Kumbe alikuwa mzima siku zote!"

Mwanahawa akaanza kueleza, lakini Hamisi alikuwa ameshageuka. "Bibi, ulisema ni mzima, na tumemwona ni mzima. Haya, tulime."

Saidi alimtazama Mwanahawa bila hasira.

"Ungeniacha nimepinda," akasema, "huenda siku moja wangeniamini."

Akainama bila taabu yoyote, akaokota jembe.