Nilifuta Maneno ya Mama Kwa Kuwa Hayakuwa na Chanzo

Shikamoo admin, nanyi nyote mnaosoma, hamjambo. Naomba jina langu lisionekane, ingawa watu wa kwetu Mwakirunge wakisoma mistari miwili tu watanijua. Nina miaka thelathini na moja, naishi Kiembeni, nafanya kazi kwa wakala wa kutoa mizigo pale bandarini Kipevu. Sina mume mlevi wala wifi msumbufu. Kilichonikosanisha na mama yangu mzazi ni makala ya mtandaoni. Msicheke.

Kuna ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote aweza kuandika na mwingine akasahihisha. Mimi ni mhariri wa kujitolea humo. Hatulipwi hata senti, hilo nawaomba mlishike. Kanuni zake ni kali: huandiki unachokijua wewe, waandika kilichokwisha kuchapishwa na gazeti au kitabu cha kuaminika, na ukiandika habari za mtu aliye hai huegemei upande wowote. Nazipenda kanuni hizo. Ndivyo nilivyo, hata ofisini wananiita hakimu.

Sasa yupo mwanasiasa wetu mmoja, nitamwita Mheshimiwa. Wasifu wake vijana wake walikuwa wameugeuza kasida. Mara "mkombozi wa wanyonge", mara "baba wa maendeleo", upuuzi mtupu! Nikafuta. Wakarudisha. Nikafuta tena, nikawaambia kwenye ukurasa wa majadiliano walete chanzo. Mmoja akanijibu, "Chanzo ni wananchi." Nilicheka mpaka wenzangu wakageuka kunitazama.

Kisha akaingia mdogo wangu wa kiume, ambaye kuhariri nilimfundisha mwenyewe. Akaongeza aya kwamba Mheshimiwa, kabla hajachaguliwa, alileta tingatinga akavunja nyumba za watu karibu na machimbo ya mawe, na ya mama yetu ikiwemo. Ni kweli. Haki ya Mungu ni kweli, nilikuwepo. Nilikuwa msichana wa shule, nimesimama kando ya barabara nimekumbatia sufuria huku mama akivuta godoro kutoka kwenye vumbi. Lakini siku ile hakuja mwandishi hata mmoja. Nani angemtuma mwandishi kwa wavunja kokoto? Nilitafuta kila mahali nisipate hata mstari. Basi nikaifuta aya ya ndugu yangu, na pale pa kuweka sababu nikaandika ninachoandika siku zote: "Madai yasiyo na chanzo."

Na humo ukifuta kitu, jina la akaunti yako labaki pale, kila mtu alione, na mimi natumia jina langu halisi. Vijana wa Mheshimiwa wakalipiga picha. Kwenye mkutano wao mmoja akashika kipaza sauti akapaza, "Hata binti wa hapa hapa, mama yake mwamjua, amesema habari za kuvunja nyumba ni uongo!" Jamani, mimi sikusema ni uongo! Nilisema hazina chanzo! Lakini nenda kawaeleze tofauti hiyo watu waliochomwa na jua uwanjani.

Kinachoniudhi zaidi, kwenye makala hiyo hiyo imeandikwa kwamba Mheshimiwa alileta maji. Siwezi kuifuta, gazeti liliandika siku ya uzinduzi, na picha wakaweka. Mifereji yenyewe haijatoa tone tangu wapiga picha waondoke. Hilo halijachapishwa popote, kwa hiyo mtandaoni maji yapo, na mama yangu anabeba ndoo.

Mama ana kikundi chake cha akina mama, wengi ni wale waliovunjiwa naye. Baada ya mkutano ule walimuuliza mbele ya wote, "Binti yako amekula ngapi kwa Mheshimiwa?" Aliondoka kabla ya sala ya kufunga, na tangu hapo hajarudi. Wale ndio ndugu zake, ndio waliompa pa kulala nyumba ilipoanguka.

Nilimwendea Jumapili baada ya ibada. Akanikaribisha, akafungua kabati, akanitolea kikombe cha wageni. Mimi, kikombe cha wageni! Mdogo wangu yuko pale anakunywa kwa bilauri ya kila siku. Nikaanza kueleza, "Mama, kanuni ndivyo zilivyo, si mimi niliyezitunga." Akasema polepole, "Nilipovunjiwa ulikuwa na mimi. Leo waniuliza imeandikwa wapi?"

Sikushindwa papo hapo. Nilimtafuta mwandishi wa gazeti, akakubali kuja kuandika habari za nyumba zile, mradi mama azungumze kwa jina lake. Ikichapishwa, chanzo kipo, aya narudisha, hakuna wa kuifuta. Nikarudi kwa mama mbio na habari hiyo, nikidhani nimemletea zawadi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi niliyekuzaa nimesema, ukafuta. Nikamwambie mgeni yale yale, yeye ndiye utamsadiki? Sizungumzi na mtu. Maneno uliyafuta kwa mkono wako, yarudishe kwa mkono wako. La sivyo nenda katafute mama mwenye chanzo."

Nikiyarudisha hivi hivi, mhariri mwingine atayafuta, na ana haki, maana ndilo nililowafanyia vijana wa Mheshimiwa. Wakisema naegemea upande watakuwa wamesema kweli. Nisipoyarudisha, mama hanipokei simu. Na msiniambie eti niache tu mambo ya mitandao, nikiacha jina langu bado liko pale chini ya aya iliyofutwa. Nyinyi mlio na mama, niambieni: nishike kanuni, au nimshike mama?