Chungu cha Matanga ya Mama

Miaka ya tisini nilifundisha historia sekondari moja ya Mpanda mjini, na mada iliyonichosha kuliko zote ilikuwa ile ya Wakatoliki na Waprotestanti wa Ulaya. Watawala walibadili dini wakachukua ardhi ya watawa, na majirani wakachomana moto huku wakiimba zaburi. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, hao walikuwa wanapigania Mungu au mashamba?" Nikamjibu kwa mkato kwamba walipigania Mungu, tuendelee.

Jumamosi ya wiki hiyo tuliondoa matanga ya mama yetu kijijini kwetu Mwamkulu. Kwa desturi ambayo wazazi walitoka nayo Burundi, warithi wote hunywa pombe ya mtama kwa mirija kutoka chungu kimoja. Asiyekunywa amejitoa kwenye ukoo, na majaruba ya mpunga hayamhusu tena. Kaka yangu mkubwa, katekista wa Kanisa Katoliki, alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba mdogo wetu ameokoka na pombe haigusi.

"Kunywa," akamwambia, akimsogezea mrija mdomoni mbele ya watu.

"Hiyo ni ya mapepo, kaka, siinywi. Niachie jaruba langu, mpunga nimepanda mwenyewe."

"Nyie walokole! Shamba la mama mnalitaka, pombe yake hamtaki?"

Mdogo wangu akakipiga chungu teke. Kikapasuka, pombe ikamwagika hadi miguuni kwa shangazi, na kabla sijasimama kaka alikuwa ameshanyakua mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilimvunja mdogo wangu meno. La pili lilimpata jichoni, nikasikia mlio ambao mpaka leo sipendi kuuelezea. Walokole wakaokota mawe, Wakatoliki wakashika fimbo, watu walewale waliokuwa wamelia pamoja msibani. Mke wa kaka aling'atwa sikio. Mimi nilimzaba kofi kila niliyemfikia, wa kanisa hili na lile, kwa hasira tu.

Tulimpeleka mdogo wangu hospitali kwa baiskeli, tumemfunga kwa kanga kwenye keria. Jicho halikupona. Kaka hakuja kumwona. Alikuwa shambani anavuna.

Nilikaa kando ya kitanda nikimlisha uji, Biblia yake ikiwa chini ya mto. Alipoweza kuongea aliniuliza, "Dada, mpunga wangu kavuna nani?"

"Kaka."

Akafumba jicho lililobaki, midomo ikicheza. Nikadhani anaomba.

"Ukirudi nyumbani," akasema, "niletee panga langu."