Stola ya Mshazari

Bibi yangu alitaka kuungama kabla hajafa. Alilisema hilo asubuhi, sauti imebaki kidogo mno, na shangazi akanituma kanisani nikamwite padre.

Kanisani nilimkuta kijana aliyetoka kuongoza ibada. Stola yake, ule utepe mpana wa ibada, ilikaa mshazari, toka bega la kushoto hadi kiunoni kulia. Mafundisho ya kipaimara nimesoma. Nilijua huyo ni shemasi, bado hajawa padre. Ningesema tu kwamba Bibi anataka kuungama. Lakini mimi watu wakinitazama maneno hunikaukia mdomoni. Nikasema, "Tumsifu Yesu Kristo. Bibi anaumwa, unaitwa."

"Milele amina. Twende." Akachukua Komunyo, tukaondoka.

Nyumbani shangazi alifurahi. "Mama, Padre kafika!"

Bibi akafumbua macho. "Watoke wote. Dhambi zangu nyingine wenyewe wamo humu humu."

Tukacheka kidogo, tukaanza kutoka. Shemasi akapiga magoti kando ya kitanda.

"Bibi, mimi ni shemasi. Nabatiza, nazika, Komunyo nimekuletea. Kuungamisha sijapewa."

"Hata kadogo kamoja?"

"Hata hako, Bibi."

"Basi na Komunyo ngoja. Sipokei hivi hivi bila kuungama."

Shangazi akanigeukia. "Wewe, hukumwambia?"

Simu ya padre haikupatikana. Jirani yetu, Mwislamu, akaacha korosho zake juani, akawasha pikipiki kumfuata kwenye kigango cha mbali alikokwenda kusomesha Misa. Shemasi akabaki. Alimnywesha Bibi uji kijiko kwa kijiko, akamfuta mdomo kwa leso yake. Kila Bibi alipoanza, "Mwaka ule mimi…" alimshika mkono. "Mtunzie padre, Bibi."

Padre alifika jioni. Bibi alikuwa hasemi tena, wala hamezi. Padre akamwondolea dhambi, akampaka mafuta, na Bibi akambinya kidole. Kesho yake akafariki.

Shemasi ndiye aliyemzika, na stola yake ile ile. Watu walipotawanyika nikamfuata. "Nilijua wewe si padre. Niliiona stola."

"Na mimi nilikuona unatetemeka," akasema, "nikaona nisikuulize. Nilipaswa kuuliza."

Jumamosi iliyofuata nilienda kuungama. Nadhani nilisema kwa sauti kubwa mno, maana waliokuwa kwenye foleni waligeuka wote kunitazama. Nikaendelea.