Nilikwenda Nyandira Kula Nyanya

Niliondoka Mlali kwa hasira, wala sioni haya kusema. Watu husafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa biashara. Mimi nilisafiri kwa sababu mwanamume mmoja alisimama uani kwangu, mbele ya wanawake wenzangu, akaniambia, "Wewe Mama Zuhura una mdomo sana. Mwaka huu mbegu hupati. Tuone utapanda nini."

Mwanamume huyo tulimwita Masanduku. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, ushirika umelala usingizi wa pono, na kila mwenye gari amekuwa mnunuzi. Alitujia na masanduku ya mbao na vikopo vya mbegu za nyanya mpya, ndogondogo, ngumu, ukiidondosha inadunda. Hizo ndizo zinazofika Dar salama, alisema. Tukapanda, na msimu wa kwanza tulicheka kweli. Msimu uliofuata tukapanda mbegu tulizojiwekea wenyewe kutoka kwenye nyanya zile zile, zikatoa vituko: hii ndefu, hii kama gololi, hii haina hata maji. Ikabidi kila mwaka turudi kwake kwa kopo jingine. Muuza mbegu ni yeye, mnunuzi wa nyanya ni yeye, mpanga bei ni yeye. Siku nilipombishia bei ndiyo siku aliyonitolea maneno yale.

Zamani asingenitisha. Marehemu mama alikuwa na nyanya zake, tukiziita makunjo kwa kuwa zimekunjamana mabegani. Moja inajaza viganja viwili, inatosha ugali wa watu wanne. Kila msimu mama alichagua tunda bora kuliko yote, akalikamua, akazibandika mbegu kwenye ukuta wa jikoni juu ya mafiga. Moshi ulizikausha na kufukuza wadudu. Ukitaka kupanda, unakwangua.

Sasa sikieni upumbavu wangu. Siku Masanduku alipokuja kunywa chai kwangu mara ya kwanza, niliuonea aibu ukuta ule wa madoadoa. Nikaukandika wote udongo mweupe, ukapendeza! Mbegu za mama yangu nilizizika kwa mkono wangu mwenyewe, tena huku naimba. Nilipokuja kuubandua ule udongo baada ya ugomvi, nilikuta zimeoza zote.

Alibaki mtu mmoja. Mama mkubwa Sesilia, dada wa mama, anaishi milimani juu ya Nyandira, na makunjo hayo alipewa na mama kabla mimi sijazaliwa. Kama anayo, nitapanda. Kama hana, itanibidi nirudi kwa Masanduku nimwombe radhi, na hilo, wallahi, nilikuwa tayari kula mchanga kwanza.

Alfajiri nilifunga safari. Masika yalikuwa hayajaisha na malori hayakuwa yakipanda kila siku, kwa hiyo nilikwenda kwa mguu. Nilijifunga kanga mpya kabisa, nikabeba sukari na chumvi za kumpelekea mama mkubwa. Jirani yangu, Mama Shabani, alinikuta nafunga mlango.

"Nyandira kwa mguu, kwa ajili ya nyanya? Mwenzangu una wazimu."

"Ninao. Niangalizie kuku."

Jua lilipochomoza nilikuwa nimeshaanza kupanda mlima. Barabara ilikuwa tope jekundu, inanivua ndala kila hatua, mwisho nikazishika mkononi. Bonde la Mlali lilibaki chini yangu, nikaweza kuona mashamba yetu na mfereji unaoyanywesha, na kigari cha Masanduku kikizunguka nyumba kwa nyumba kugawa vikopo. Kwangu hakikusimama. Nilikitukana kwa sauti, hakuna aliyesikia, nikaendelea.

Mchana nilikaa kwenye jiwe kando ya kijito nikala muhogo. Hewa ilikuwa imebadilika, baridi inaingia mifupani, na ukungu unashuka kwenye matuta ya njegere na viazi. Watu wa huko hulima mahali ambapo sisi wa bondeni tungeogopa hata kusimama. Mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba mzigo wa kabichi alinipita akipanda kwa kasi huku anaongea peke yake. Mimi nilikuwa nahema hata jina langu silikumbuki.

Alasiri nilifika. Kabla ya kubisha hodi macho yangu yalikwenda shambani. Matuta yote, juu mpaka chini, yalikuwa kabichi, na katikati ya kabichi ni nyanya ndogo ngumu. Za Masanduku! Amefika mpaka huku!

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani huyo? Mtoto wa Amina?" Mama mkubwa alitoka jikoni akijifuta mikono, mfupi, mgongo umeinama kidogo, macho makali yale yale. "Umenenepa. Miaka yote hii ulikuwa unanenepa tu, huji kutuona?"

Nilipaswa kukaa. Nilipaswa kunywa uji, kuulizwa habari za watoto, kutoa sukari na chumvi. Lakini zile nyanya shambani zilinitia kiwewe, nikafungua fundo la kanga nikatoa pesa. "Mama mkubwa, nimekuja kununua mbegu za makunjo. Taja bei yoyote."

Alinitazama mpaka nikainamisha uso.

"Kununua?"

"Ndiyo, mama."

"Amina hakukulea hivyo," alisema, akaingia ndani, akaniacha uani na pesa yangu mkononi kama mgonjwa aliyeshika cheti.

Nililia, nakiri. Nililia kwa uchovu na kwa aibu, maana nilijua mara moja nimekosea wapi. Kwetu sisi wenye asili ya milima hii mbegu ya nyanya hainunuliwi, wala haiombwi. Unaomba nyanya. Unakaa na mwenyewe, mnaila pamoja, na mbegu zitakazobaki kiganjani mwako ni zako. Hivyo unajua ladha ya unachokwenda kupanda, na mwenyewe anajua amempa nani. Tena mtu aliyeomba nyanya hanyimwi. Nilikuwa nimeyaona hayo tangu utotoni, na vikopo vya Masanduku vilinisahaulisha katika misimu mitatu tu!

Nilijifuta uso, nikaziweka pesa mahali pake, nikaingia jikoni.

"Mama mkubwa, nina njaa. Huna nyanya nilie ugali?"

Alikuwa anasonga. Hakugeuka. Alimaliza kusonga, akapakua, akachukua kisu akatoka mlango wa nyuma. Nilimfuata. Nyuma ya jiko, mahali ukutani panapopata joto, palikuwa na mche mmoja umefungwa kwenye mti. Majani yake mengi yalikuwa yameunguzwa na ugonjwa wa mvua, meusi. Lakini katikati lilining'inia tunda moja, jekundu, limekunjamana, kubwa kama kichwa cha kichanga.

"Wajukuu wameng'oa yote," alisema. "Wanataka za masanduku. Huu niliwaambia atakayeugusa anizike kwanza. Ndiyo ya mwisho. Nilikuwa naingoja niibandike."

"Basi usiikate, mama."

"Umeshaomba," akasema, akaikata.

Tuliila kwa chumvi yangu. Jamani, ile nyanya! Nilikuwa nimesahau kwamba nyanya ina ladha yake yenyewe. Nilikula taratibu kama mtu wa jino bovu, nikizitoa mbegu kwa ulimi moja moja, na mama mkubwa naye hivyo hivyo, na tulipotazamana mashavu yametuna tulicheka mpaka machozi. Zake alizibandika ukutani kwake. Zangu nilizipaka kwenye pindo la kanga yangu mpya, tukaianika juu ya moto hadi asubuhi.

Siku ya pili nilipata lori la kabichi linaloshuka. Ole wangu, kumbe lori ni la Masanduku, na mwenyewe, aliyepanda usiku kufuata kabichi, amekaa mbele. Nikapanda nyuma, juu ya magunia. Kabla hatujafika mbali mvua ikaja kwa kishindo. Niliivua ile kanga, nikaikunja, nikaikumbatia tumboni chini ya blauzi, nikabaki na gagulo langu lililochanika. Dereva, mtu mzima, mzaliwa wa kijiji cha Bunduki huko huko milimani, alisimamisha gari, akaja nyuma na kipande cha turubai.

Masanduku alichungulia dirishani. "Mama Zuhura! Unatoka msibani?"

"Natoka kula nyanya."

Alicheka sana. "Nyandira yote hiyo kwa nyanya moja?"

"Moja tu."

Dereva hakucheka. Alinitazama nilivyokumbatia tumbo, akanifunika turubai vizuri, akarudi kwenye usukani.

Jioni nilikuwa nyumbani. Niliikunjua kanga, na pindo lilikuwa kavu. Nusu ya mbegu nikasia kwenye kitalu. Nusu nikaziloweka kidogo, nikazibandika ukutani, safari hii ukuta wa nje, chini ya upenu, barabarani kabisa, kila apitaye aone madoa yangu.

Zilipozaa, Masanduku alitangaza kwamba hagusi nyanya zisizokaa sandukuni. Asiguse! Nilizipeleka mwenyewe sokoni Morogoro kwenye ungo, zimepangwa juu ya majani, na wanawake wa mjini walizigombania. Mama Shabani alikuwa wa kwanza kuja kwangu kusema ana njaa. Baada yake ua wangu haukukauka wageni.

Mwisho akaja Masanduku mwenyewe, na bahasha. Ameambiwa mjini wanaziulizia. "Niuzie mbegu, Mama Zuhura. Taja bei yoyote."

"Mbegu siuzi."

"Basi nigawie."

"Sigawi."

Alingoja, nami nikangoja. Kama angetamka neno moja tu, njaa, nisingeweza kumnyima, na yeye angekaa mkekani kwangu na kula. Hakulijua. Akatia bahasha mfukoni, akaenda zake kwenye gari akibamiza mlango.

Dereva wake alikuwa bado amesimama penye upenu, kofia mkononi.

"Mama," akasema polepole, "tangu asubuhi sijala. Huna nyanya?"

Nilimtandikia mkeka, nikamkatia kubwa kuliko zote. Honi ikalia barabarani, ikalia tena. Yule mzee hakuinuka mpaka alipomaliza kula, na alipoondoka alikwenda amefumba kiganja.