Godoro Lisiloonekana Ng'ambo ya Barabara

Mume wangu ni mchora mabango. Mtaa mzima unamwita Brashi, na hata mama yake mzazi alikufa akimwita hivyo. Kila alipomaliza bango, mimi nililishika mlangoni, yeye akavuka barabara kulisoma kutoka ng'ambo. Akishusha mkono, kuna kosa. Akiuinua, kazi imekwisha. Anasema aliyechora bango haaminiki kulisoma.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango, brashi zikakaukia makoponi. Kaka yangu, mwenye ghala la magodoro, akaleta sare ya bawabu. Nikaipiga pasi, nikaitundika nyuma ya mlango. Ilikuwa sare nzuri, sina neno. Mume wangu akawa anaingia chumbani macho chini.

Badala ya kuivaa, alikwenda kujifunza kutengeneza tovuti. Mtu mzima na miwani yake, katikati ya vijana wanaotafuna jojo. Nilicheka mpaka nikaona hatanii. Alipohitimu akamwomba kaka kazi ya kwanza, tovuti ya magodoro. Kaka akakubali kwa sharti.

"Jumamosi saa sita mchana naifungua kwenye simu yangu, shemeji. Nisipoona magodoro, Jumatatu nikukute getini."

Jumamosi asubuhi tovuti ilikuwa tayari. Ilibaki kuipandisha kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayowaonyesha watu wote. Akabonyeza, akangoja, akasema imepanda. Nikachungulia kwenye kompyuta yetu: godoro jeupe, nene, linaita usingizi. Nikampa hongera. Yeye akavaa viatu.

"Unakwenda wapi, baba watoto?"

"Ng'ambo."

Akavuka, akaazima simu ya muuza dawa. Mkono ukashuka.

"Godoro halipo!" akapaza sauti.

"Lipo, ninaliona!"

"Unaona la humo ndani! Huku kuna maneno matupu!"

"Miwani umevaa?"

"Mama, hata mimi silioni!" akadakia muuza dawa. Mteja wake mmoja, mama mwenye kikohozi, akaacha kukohoa ili asipitwe.

Kumbe mume wangu alikuwa amepandisha ukurasa, akasahau folda ya picha. Zilibaki kwenye kompyuta yetu, ndiyo maana mimi peke yangu niliziona. Saa sita ilikuwa inabisha hodi. Akaanza kunielekeza kwa makelele, nami nabonyeza, malori yakipita katikati ya kila sentensi. Sikutaka kabisa kumwona mume wangu akifungua geti la kaka yangu. Hilo nililijua pale pale, mimi niliyeipiga pasi ile sare.

Picha zikapanda. Nikatoka, nikasimama mlangoni pale pale nilipozoea kushika mabango, safari hii sina cha kushika. Ng'ambo wakainamia simu yeye, muuza dawa, na mama wa kikohozi.

Mkono ukainuka.

Nikaingia ndani, nikachukua mkasi, nikaikata sare vipande vipande. Kitambaa chake ni laini, kinafaa kufutia kioo cha kompyuta. Ndipo simu ikalia, kaka.

"Ndiyo kwanza naifungua," akasema. "Naona kitu kinazunguka tu. Mwambie shemeji aanze kuijaribu sare."

"Sare nimeshaikata, kaka," nikamwambia. "Wewe subiri, godoro litaonekana."