Nani Alimchanja Mtoto

Mama mkwe wangu alimchanja mwanangu chale kifuani siku ambayo mimi na mume wangu tulikuwa kanisani tukimwombea mtoto huyo huyo. Tuliporudi tulimkuta ameketi kwenye mkeka, kifua kimepakwa majivu meusi, damu imekauka hadi tumboni. Mvulana wa miaka tisa, taya la kushoto limevimba hata jicho limeanza kufumba. Nilitaka kumrukia yule bibi nimng'oe nywele. Mume wangu alinitangulia. Alikuwa shemasi, mtu wa sauti ndogo, lakini jioni ile mtaa wetu wote wa Butembo ulimsikia.

"Mama, umeuzisha mutoto kwa shetani!"

"Nimeuzisha nini? Mulimungoa meno, uvimbe haikushuka. Mukaomba, haikushuka. Miye ninyamaze tu, nimuangalie akikufa?"

Meno kweli tuliyang'oa. Muuguzi wa zahanati alidhani jino limeoza, nasi tukadhani hivyo hivyo, na mtoto akabaki na pengo na uvimbe vyote viwili. Ilibidi tufike hospitali moja ya Beni ndipo daktari akatuambia ni kansa, kansa ya taya inayopenda watoto, tena ina mbio. Ila inasikia dawa, alisema. Hakutudanganya. Baada ya sindano za kwanza uvimbe ulishuka nikaliona tena jicho lote la mwanangu. Nywele zilimtoka, alitapika hata maji, alitutukana sisi na daktari pamoja. Nilifurahi. Mtoto anayetukana bado yupo.

Daktari alitukanya jambo moja: tusikose zamu ya sindano. Dawa ikikatizwa, uvimbe hurudi na hasira, na safari hiyo hausikii kitu. Dawa yenyewe ilikuwa ikivushwa kutoka Uganda kwa tabu, na zamu ilipofika sisi tulipaswa kuwa pale. Basi sikuwa na sala nyingine. Nilikuwa nikiomba zamu tu.

Ilikuwa vita ya pili ya nchi yetu. Miji ilikuwa mikononi mwa waasi, milima ilikuwa ya Mai-Mai, wanamgambo wa vijijini, na barabara ya kati ilikuwa ya yeyote aliyeamka na bunduki. Vijana wa Mai-Mai walichanjwa chale kifuani, wakaamini risasi ikiwagusa itageuka maji. Kila mtu alijua hilo, na askari wa waasi pia. Kwenye vizuizi wanaume walivuliwa mashati, na mwenye chale hakuulizwa jina. Mume wangu hakuwa nazo. Marehemu baba yake alikuwa mwinjilisti na wembe wa mganga haukuingia nyumbani mwake. Mtoto hatukumfikiria. Nani amvue shati mtoto mgonjwa? Tulisahau kwamba huko msituni kulikuwa na watoto wa kimo chake waliobeba bunduki.

Tulisafiri juu ya lori la viazi na kabichi. Bibi alikuja nasi bila kualikwa. Mume wangu alikuwa hajasema naye tangu siku ya chale. Walipotaka kuambiana jambo walinipitishia mimi, kama vile mimi ni dirisha. "Mwambie mama ashike kamba." "Mwambie mwanangu nimeshika." Nilichoka nao wote wawili.

Kizuizi kilikuwa kwenye mteremko wa Kabasha, gogo limelazwa barabarani. Jana yake waasi waliokilinda walikuwa wamevamiwa na Mai-Mai wakapoteza wenzao, na damu ilikuwa bado imewapanda kichwani.

"Bino nyonso, kita!" mmoja alifoka kwa Kilingala. Shukeni wote. Dereva alichelewa kufungua mlango, akapigwa kitako cha bunduki mdomoni, akashuka akitema meno.

Wanaume wakavua mashati. Muuza vitunguu mmoja alikutwa na makovu begani. Alianza kueleza kwamba aliungua mafuta ya moto alipokuwa mdogo. Walimpiga risasi hajamaliza maneno. Alianguka miguuni petu, na damu yake ikapita chini ya viatu vyangu na vya mwanangu, na hakuna aliyethubutu kusogea.

Ndipo askari alipomvua mtoto kofia. Akaona kichwa kisicho na unywele. Akamfungua vifungo vya shati.

"Shefu, kuya kuona kadogo wa Mai-Mai." Kadogo, yaani mtoto askari.

"Hapana Mai-Mai!" nilipiga kelele. "Ni mugonjwa! Tunamupeleka hospitali, ona hii taya yake!"

Mkubwa wao alinipiga mkanda wa bunduki usoni. Sikio la upande ule halisikii vizuri mpaka leo.

"Miye siulize ugonjwa," alisema. "Nauliza, nani alimuchanja? Mutoto hawezi kujichanja yeye mwenyewe."

Nilielewa alichotaka. Kwao, anayechanja ndiye mzizi. Ndiye anayewatia vijana ujasiri wa kuua askari. Alimwekea mwanangu mtutu nyuma ya kichwa, pale nilipokuwa nikimpaka mafuta kila asubuhi kwa sababu ngozi ilimkauka.

"Kama hakuna mwenye alimuchanja, basi ni yeye atalipa."

Nikamtazama mama mkwe. Nasema wazi: nilitaka aseme. Nilimsukuma kwa macho. Kabla hajafungua mdomo, mume wangu akatangulia kwa mara nyingine.

"Ni miye. Miye baba yake. Miye nilimuchanja."

Mtu huyu alikataa kupunguza umri wa mtoto shuleni kwa sababu ni uongo. Kwa ajili ya chale zile alikuwa amemnyima mama yake hata salamu. Sasa alizidai mbele ya watu wote wa lori, kwa sauti, kama mtu anayedai shamba la baba yake.

"Muongo!" bibi alilia. "Ni miye! Shefu, ni miye nilimuchanja!"

Mkubwa alicheka, akamwita bibi kwa Kilingala. "Koko, nyamaza. Kila mama atasema vile."

Wakamshukia mume wangu kwa magongo na vitako. Nilisikia mkono ukivunjika; mfupa wa mtu una sauti yake, na ukishaisikia huisahau. Alianguka juu ya muuza vitunguu. Mimi nilimbana mtoto uso wake tumboni mwangu, na yeye akawa ananing'ata ili apate kugeuka aone. Mume wangu hakumwita Mungu. Aliniita mimi.

"Mama ya batoto! Panda gari! Leo ni zamu!"

Nilipanda. Watu huniuliza mpaka leo nilipandaje. Nilipanda kwa miguu. Mtoto mgongoni, mikono imeshika kamba. Bibi alikataa, aliketi chini barabarani kama gunia, askari wakamwacha. Dereva akawasha gari kwa mdomo uliojaa damu. Hatujapinda kona tukasikia risasi.

Sindano alipigwa siku ile ile. Mimi ndiye niliyemlalia juu ya mapaja ili asirushe miguu, na aliponitapikia sikubadili nguo. Daktari aliuliza baba yuko wapi, nikamjibu amebaki nyuma. Sikulia. Niliogopa nikianza nitakosa nguvu za kumshika.

Bibi alitokea keshokutwa yake, mchana. Alikuwa ametembea. Miguu ilimvimba, na chini ya kucha zake kulikuwa na udongo mwekundu. Alisimama mwisho wa kitanda.

"Nimemuzika," alisema. "Walinikatalia mwili mpaka jana. Nikaomba jembe kwa bamama ba shamba. Nimemulalisha upande wa chini wa barabara, kwenye mikaratusi. Niliimba wimbo wa kanisa, ule moja tu nauweza."

Nilimpiga. Kofi kwanza, kisha ngumi, kisha nikavua kiatu. Nilimwita mchawi, nilimwambia wembe wake ndio uliomuua mwanawe na nusura umuue mjukuu. Wauguzi walipiga kelele, wagonjwa wakaamka. Hakuinua mkono kujikinga. Damu ilimtoka puani ikadondoka kwenye kitenge, naye akaniacha nipige, mwanamke wa umri ule, mpaka nikakosa pumzi.

"Piga tu," alisema. "Haki ni yako. Lakini uniambie kwanza, mutoto alikula?"

Hospitalini kwetu mgonjwa hulishwa na ndugu zake. Mtoto hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake, kwa sababu sikuwa nimempikia. Nilishusha kiatu. Bibi alijifuta pua kwa ncha ya kitenge, akapiga magoti, akavuta sufuria iliyokuwa chini ya kitanda, akatoka kwenda kutafuta kuni.