Helmeti nyekundu ya kijiwe chetu, na pua yangu iliyonyamaza

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu huwa nasoma tu na kupita. Shule niliishia la saba na kuandika kwangu ni kwa pole pole, uzi huu nimeuanza jana. Sijaongeza chumvi. Mkiona nimeruka mahali, sehemu hiyo siikumbuki.

Naendesha bodaboda Musoma, kijiwe cha Makoko. Vijana wa huku tunapenda mbio. Tunafungua vioo na indiketa, tunaenda kwenye uwanja wa vumbi kule Butiama, tunazunguka full speed mpaka mshindi apatikane.

Pale kijiweni kuna helmeti moja nyekundu ya kaka Masatu, ndiye mkubwa wetu. Aliwahi kuanguka nayo kwenye mbio Bunda. Pikipiki ilibingirika, yeye akasimama, akajifuta vumbi, akacheka. Tangu hapo ikawa helmeti ya bahati, na kila anayekwenda kushindana anaazimwa hiyo. Ufa ulioipata pembeni siku ile walishaupaka rangi.

Akili yetu ilikuwa hivi: helmeti iliyoanguka na mtu akapona, hiyo imeshapimwa. Mpya haijulikani.

Mimi naishi kwa dada yangu Nyanjura, anaanika dagaa na kuuza. Aliposikia naenda mbio akaninunulia helmeti mpya, nyeusi. Asubuhi ile alinivalisha mwenyewe na kunifunga mkanda kidevuni kama mtoto wa chekechea. Niliona aibu, lakini moyoni nilifurahi.

Kufika uwanjani wenzangu wakaanza.

"Dogo, hiyo ya dukani imewahi kuanguka hata mara moja?"

"Mwacheni bwana harusi, asichafuke."

Masatu akanipa ile nyekundu. "Vaa hii, mdogo wangu. Hii ina uzoefu."

Wakuu, mimi mbele za watu maneno hunikauka. Ilitakiwa niseme tu, hapana kaka, hii inanitosha. Nikavua ya dada, nikamshikisha Marwa, rafiki yangu niliyekua naye.

Mzunguko wa kwanza nilienda vizuri. Wa pili nilikuwa nimewapita wengi. Kwenye kona tairi la nyuma likateleza kwenye kokoto.

Nakumbuka vumbi. Basi.

Mengine nilisimuliwa na Marwa. Anasema niliinuka, nikauliza nani kashinda. Nikajibiwa. Nikauliza tena, na tena. Masatu akainua helmeti juu, akawaambia watu, "Mmeona? Hata mchubuko hana." Wakapiga makofi.

Tukiwa njiani kurudi Musoma nikaanza kutapika. Wakanipitisha hospitali moja kwa moja, nikalazwa.

Daktari alimwomba dada ailete hiyo helmeti. Akageuza ndani, akavuta kitambaa, akaminya kwa kidole gumba lile povu jeupe gumu. Upande ule wenye ufa lilikuwa limebonyea na kukatika. Akasema hii ilishakufa siku nyingi. Ikipigwa kishindo kikubwa, povu linabonyea ili kichwa kisiumie, na halirudi tena. Ilimwokoa wa kwanza, kazi yake ikaishia hapo.

Hapo ndipo niliposikia uchungu zaidi. Povu lile ni kama la maboksi meupe ya kusafirishia sangara. Sisi wa ziwani tumeyabeba tangu utoto. Nani asiyejua kwamba boksi likishabonyea halinyooki?

Nilitoka hospitali natembea vizuri. Pikipiki wamenikataza kwanza.

Ila harufu sisikii. Sisikii kabisa.

Zamani dada alikuwaga ananiita kila mvua ikinyesha, ninuse dagaa nimwambie wapi wameanza kuharibika. Alisema pua yangu haijawahi kumdanganya. Juzi nilikaa jikoni nachezea simu, maharage yakaungua mpaka dada akakimbia kutoka uani. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Siku hizi dagaa ananusa mwenyewe, na akinusa ananipa mgongo.

Daktari anasema huenda itarudi, huenda isirudi.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike. Helmeti ilirudi kijiweni. Wamepaka rangi upya. Masatu anasema, "Sasa imeokoa wawili," na watu wanakubali kwa sababu wananiona niko mzima. Jumapili kuna mbio tena Butiama, na aliyeazimwa ni Marwa.

Nilikwenda kijiweni niwaambie. Nikawakuta wote wamekaa, nikasema "kaka Masatu, hiyo helmeti..." Mmoja akadakia, "Ee, mshukuru." Wakacheka. Nikaishia hapo, nikarudi nyumbani.

Nilichojifunza ni kidogo: helmeti ikishaanguka na mtu, itupeni, hata kama nje inang'aa. Na mtu kupona isiwe sababu ya kuiamini.

Wakuu, kama kuna aliyepoteza harufu baada ya kuanguka, naomba aniambie ilirudi baada ya muda gani. Na wenye vijiwe vyenye helmeti za namna hii, semeni hapa chini, nijue hatuko peke yetu.

Marwa, najua unapitaga humu usiku ukikosa usingizi. Ile ya dada iko nyumbani, juu ya kabati. Haijawahi kuanguka hata mara moja. Njoo uichukue kabla ya Jumapili.